Vijiti vya dramu: vya mti au vya bandia?

Mleta mada, mpigaji sneya (ngoma ya vijiti) wa beni bati, Jang'ombe, Unguja

Assalaam aleikum wapigaji wenzangu. Kuna jambo linatugawa kikundini, sisi wa beni, ngoma ya matarumbeta ya kusindikiza harusi, nimeona bora nilitoe nje.

Juzi juzi tulimsindikiza bwana harusi kutoka Kikwajuni. Beni imekolea, kinamama wameshafunga viuno, mara kijiti changu cha kulia kikakatika shingoni. Kipande kikaruka, kikatua kwenye sinia ya halua. Ya halua, wallahi! Njia iliyobaki niliimaliza kwa mkono mmoja na kigutu, na shangazi wa bwana harusi mpaka leo salamu yangu haiitikii.

Sasa kasha la kikundi lina vijisenti. Vijana wanataka tununue vijiti vya bandia, vile vya chapa ya Ahead: ndani aluminiamu, juu yake gamba la plastiki ngumu, na ncha ya nailoni inayofunguliwa na kubadilishwa. Wanasema havikatiki, masika yakija havipindi, na kila jozi ni pacha kwa uzito. Wazee wanasema beni ya plastiki si beni. Bei yake nayo, jozi moja unapata mbili au tatu za mti. Mie niko upande wa mti, lakini nataka kuwasikia waliokwisha kushika vyote viwili. Wa kusikia kwa jirani wakae kwanza.

Mpigaji wa kidumbak, Mwembetanga

Waleikum salaam mwanangu. Pole na halua.

Mie mtu wa viganja. Vidumbak vyetu, vile vigoma viwili vya udongo, havijui fimbo, na marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab na unyago aliyetutoka 2013, msondo wake, ile ngoma ndefu, aliupiga kwa mikono hivi hivi. Lakini kidumbak kina mkwasa, vile vijiti vifupi vinavyogonganishwa. Kijana mmoja akatuletea vya plastiki, vizuri, vyekundu, vinang'ara. Tukavitia kwenye ngoma. Unasikia "tak", basi, kama vijiko vinavyooshwa. Mkwasa wa mti una tumbo ndani yake. Sauti inatoka, halafu inageuka kidogo kabla haijafa, na pale inapogeuka ndipo mtu wa sanduku, lile besi la uzi mmoja, anapojua pa kuingia. Tulivirudisha usiku ule ule.

Ya beni siyajui sana. Lakini sikio ni sikio.

Mpiga dramu, bendi ya hoteli, Nungwi

Shikamoo mzee wangu. Nawe kaka wa halua, habari za siku.

Mie vya bandia nimevipigia msimu mzima, usiku tano kwa wiki, kwa hiyo sikai. Sifa yake ni ya kweli. Ukingo wa chuma wa sneya unautafuna mti kama panya. Vya bandia ukingo unachubua gamba tu, na gamba linabadilishwa. Lars Ulrich wa Metallica, bendi ya roki ya Marekani, na ule upigaji wake wa fujo, ni mtu wa Ahead miaka mingi. Si vitu vya kuchezea.

Tatizo langu lilianza wiki ya tatu. Mti ukipiga unameza kishindo, sehemu yake inakwisha ndani ya kijiti. Ile aluminiamu ilikuwa inanirudishia chote. Kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma, kwanza baada ya kazi, halafu katikati ya kazi. Mwenzangu anavipigia vile vile na haumwi kitu, basi kila mtu na mkono wake. Halafu jasho. Joto la Januari, gamba lile linateleza kama samaki. Nimeishia kufunga utepe wa raketi ya tenisi.

Ila mzee, samahani, usiilaumu plastiki yote. Ncha ya nailoni kwenye kijiti cha mti ilibuniwa na Joe Calato, Mmarekani, mwaka 1958, kwa sababu ncha za mti zilikuwa zinamuishia. Wengi tunaipenda, inang'arisha sauti ya simbali, zile sahani za shaba. Na hao wazee wa beni waulizeni: ile sneya wanayoitetea imewambwa ngozi gani? Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Ya mbuzi ilishaondoka zamani na harusi hazikusimama.

Msomaji, Mlandege

Mbona mnanichekesha. Vijiti vya mti vinavyouzwa madukani vingi ni vya hikori, na hikori ni mti wa Marekani. Mnagombanisha plastiki ya Wamarekani na mti wa Wamarekani, halafu kimoja mnakiita asili yetu. Beni yenyewe ilianza mwisho wa karne ya 19 kwa kuwaiga na kuwacheka wanajeshi wa kikoloni na mabendi yao!

Kijana wa kikundi hicho hicho

Mie ni mmoja wa "vijana" wanaotajwa hapo juu. Bwana mkubwa hakukwambieni kwamba kila akipandwa na mori anapiga ngozi na ukingo kwa pamoja, mapigo yote. Tangu Mfungo Sita kasha limemnunulia jozi nne. Jozi moja ya bandia ingekuwa imeshajilipa.

Fundi wa kukereza, Wete, Pemba

Mimi kazi yangu miguu ya semadari na mihimili ya makochi, lakini nimewakerezea vijiti watu wa skauti.

Mwenye mada, kitazame kipande chako. Kama kimepasuka mshazari mrefu, mti ulikatwa kinyume na nyuzi zake, kosa la aliyekitengeneza. Kama kimekatika pafupi, na shingo imeliwa meno meno, huo ni ukingo, na hata nikikutengenezea kwa mti gani utarudi kwangu.

Kwa hapa nyumbani mimi natumia mpera. Ni mzito na haupasuki ovyo. Unaupasua kwa shoka kwanza, ufuate nyuzi zenyewe, msumeno baadaye. Unaukausha kivulini miezi, usiutie juani ukapinda. Jozi nazichagua kwa kugonga: nakigonga kimoja kimoja karibu na sikio, viwili vikitoa sauti moja, hao ndugu. Halafu naviviringisha juu ya kioo, kinachocheza natupa. Mkoko msiniletee, ni mzuri lakini sitaki maneno na watu wa misitu.

Hesabu nyingine: kama vijiti unavyonunua ni vya 5A (alama ya unene wa kijiti), ni vyembamba kwa kazi yako. Zile herufi zamani zilikuwa na maana. A ya okestra, B ya bendi, S ya barabarani ("street"). Beni inatembea barabarani.

Mleta mada

Nimekitoa kipande mfukoni mwa koti la beni. Mkato mfupi. Shingo imeliwa meno meno.

Haya, kijana kasema kweli, na angeweza kuniambia faragha. Lakini ukingo sitauacha. Njia ya Mlandege na honi za daladala, pigo la ngozi peke yake halifiki hata kwa mpiga tarumbeta. Dada wa Nungwi, la kifundo limeniingia, mie natembea saa mbili nikipiga. Jozi moja ya bandia ichukuliwe, vijana waifanyie mazoezi kwenye tairi, na hiyo pesa nitatoa mie, isitoke kashani. Tukifika mfungo mwingine tutaulizana nani kaumwa na nani hakuumwa. Wazee wangu nao wamenuna, kwamba nimeruhusu hata hiyo moja.

Fundi, nitengenezee jozi tatu za mpera. Urefu inchi 17, unene kama kidole changu cha shahada, shingo usiipunguze sana. Kipimo nakikata kwenye ufito, nampa mtu wa boti ya Alhamisi akuletee.