Tuliofundishwa kushona na mama zetu, tupeane uzoefu

Binti Fundi: Wadau, nimepeleka doti ya khanga kwa fundi, pindo limerudi limepinda kama njia ya ng'ombe. Nimelifumua kwa wembe usiku huu huu, nikamkumbuka mama. Alichora kitambaa kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Nikikosea ananiambia neno moja tu: "Fumua." Sketi yangu ya kwanza niliifumua mara nne. Na nyie?

Mama Watatu: Hiyo "fumua" naisikia hadi leo.

Mpemba wa Bara: Kwetu haikuwa cherehani, ni ukili, ule utepe wa majani ya ukindu unaosukwa kisha ukashonwa mkeka. Mama akenda kwa jirani huku anasuka njiani, bunda kwapani, wala haangalii mikono. Mimi akinipa chane zilizobaki nijifunzie. Ukindu unakata vidole jamani!

Mkwezi: Mkeka wa miyaa ndio unaodumu. Ukindu wa kupambia tu.

Mpemba wa Bara: Usinichefue. Wa mama una miaka 20 na watu wanaulalia.

Mkimya: Sijawahi kuandika humu. Mama alishonea sare za shule watoto wa mtaa mzima, Tanga, kwa Singer ya kanyagio. Mimi kazi yangu kujaza bobini na kutunga uzi macho yake yalipoanza kuchoka. Mwaka 2011 akalazwa wiki tatu, nikalala naye wodini. Siku tuliyorudi akaingia chumbani, akasimama. Chini ya dirisha zimebaki alama nne za miguu ya chuma kwenye sakafu, na vipande vya nyuzi. Hakuuliza kitu. Akainama akaziokota zile nyuzi moja moja, akazifunga kwenye ncha ya khanga. Kaka anasema aliiuza kununua dawa. Dawa nilinunua mimi, risiti ninazo. Mama akaishi miaka miwili zaidi, anashona vifungo vya wajukuu kwa mkono. Mpaka leo nikiona cherehani nyeusi barazani kwa fundi, naomba kuangalia droo ya kushoto. Nilichora jina langu humo kwa msumari nikiwa na miaka saba.

Mama Watatu: Nalia huku ugali unaungua.

Chuma: Usimhukumu kaka yako. Nyumba yenye mgonjwa hela inatafutwa popote.

Mpemba wa Bara: Popote, ila si kwenye mikono ya mama bila kumuuliza!

Binti Fundi: Mkimya, pita kwa mafundi wazee. Mashine zile hazifi, zinahama tu.

Mkwezi: Ukiipata usitie mafuta ya kula, yanaganda.

Mama Watatu: Mama yangu alitia ya nazi miaka yote na ilikimbia.

Mkimya: Ahsanteni. Kuna moja nimeiona Muheza, droo ya kushoto haina. Fundi anasema aliinunua hivyo hivyo. Jumamosi narudi na mama mdogo, yeye anaijua kwa mlio.