Mchungaji anaweza kunifungia ufalme wa Mungu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nahamia mkoa mwingine kikazi, na mchungaji wangu anasema nikiondoka bila baraka yake mbingu zitafungwa kwangu. Anasimamia Mathayo 16:19, funguo alizopewa Petro, na Waebrania 13:17 kuhusu kuwatii viongozi. Lakini kwenye Mathayo 18:18 mamlaka ya kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi wote, tena Yesu alipomweleza Nikodemo habari za kuingia ufalme alitaja kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, hakutaja ruhusa ya mtu. Nampenda sana mtumishi huyu, ndiye aliyenibatiza, sitaki tuachane kwa ugomvi. Naombeni ushauri: utii wa Waebrania 13:17 unaishia wapi? Na nimjibuje kwa heshima?