Naomba ushauri: bustani ya ndege na wadudu majira ya baridi, muda naupata wapi?

Habari zenu ndugu zangu, hasa mlioko Uingereza. Naishi Birmingham, nina kibustani nyuma ya nyumba ambacho nataka kiwe makazi ya ndege, nyuki na kalunguyeye. Kiangazi hainisumbui, jua lipo hadi usiku. Tatizo ni Desemba: naingia kazini saa mbili kasoro gizani, na kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama. Imebaki Jumapili tu, nayo ina kanisa, watoto na mvua (mvua ya huku haina adabu).

Najua kazi nyingine ni kuacha tu. Majani makavu na mabua ya maua nimeyaacha, maana wadudu hujificha humo, na rundo la kuni kwenye kona siligusi kwa sababu ya kalunguyeye waliolala. Lakini ndege wanataka mbegu na maji yasiyoganda kila siku, na vyombo vyao lazima visafishwe wasiambukizane magonjwa. Tena miche ya miti isiyo na udongo kwenye mizizi hupandwa kati ya Novemba na Machi, wakati huohuo ambao sina nafasi!

Wenye zamu kama yangu mnapangaje? Kupanda usiku kwa taa ya kichwani kunawezekana, au nitawasumbua wanyama? Na je, kuna anayeshirikiana na majirani kulisha ndege kwa zamu? Wangu tunasalimiana tu, sijui nianzeje kuwaambia.