Mama mdogo amegongwa na minibasi barabara ya Kasenga, mwenye gari anataka tusaini karatasi. Tufanye nini?

KijanaWaRuashi

Ba yaya na ba papa, yaani dada, kaka na wazee wangu, naomba shauri lenu, na kama inawezekana leo hii.

Mdogo wake mama, ambaye ndiye aliyenilea, amegongwa na minibasi hapa kwetu Lubumbashi, kwenye barabara ya Kasenga. Anauza samaki wakavu, alikuwa anarudi nyumbani jioni kwa miguu. Wanaopita pale wanajua hali: meza za wauzaji na magari yaliyosimama yamekula ukingo wote, mtu anatembea juu ya lami kwa sababu hana pengine pa kuweka mguu. Magari yalikuwa yamejipanga hayasogei. Minibasi ikachomoka kwenye foleni, ikataka kupita pembeni kulekule wanakotembea watu, ikamgonga kwa nyuma. Mguu umevunjika chini ya goti, mfupa ulitoka nje. Ameshapasuliwa mara moja na daktari anasema atarudi tena chumba cha upasuaji.

Shofa, yaani dereva, hakukimbia, vijana wa manseba (pikipiki za abiria) waliizunguka gari. PCR, polisi wa barabarani, wakaja, wakachukua karatasi za gari na gari yenyewe. Lakini polisi mmoja akatuambia: «Huyu mama hakuwa kwenye mistari ya kuvukia, kosa ni lake, mkipata kitu mshukuru Mungu.»

Kesho yake mwenye gari akaja hospitalini na karatasi iliyochapwa tayari, kwa Kifaransa. Maana yake ni hii: mgonjwa anakiri kupokea dola 200 kama msaada, na hatadai kitu kingine chochote kwa dereva, kwa mwenye gari wala kwa asiransi (bima), leo wala siku zijazo. Mama mdogo hasomi Kifaransa. Alikuwa bado na dawa ya usingizi kichwani, na yule bwana ameshafungua kidau cha wino ili amshike kidole gumba. Nikakizuia kidau kwa mkono wangu.

Sasa familia imegawanyika, maana hospitali inatudai kila asubuhi na dola 200 si kitu kidogo kwetu. Naomba kujua: ni kweli mtu wa miguu akiwa nje ya mistari hana haki? Tusaini? Na tumdai nani, shofa ambaye hana hata kiatu, au mwenye gari?

MzeeWaKatuba

Pole sana mwanangu. Mimi nasema chukueni. Nimeendesha taksi miaka mingi mjini hapa, nimeona familia zinazunguka parke (ofisi ya waendesha mashtaka) na mahakamani mpaka mgonjwa anapona au anakufa, na hawajapata hata faranga. Pesa iliyo mkononi inanunua dawa leo.

Yaya_Justine

Papa, kwa heshima yote, uchovu huo wa mahakamani naujua, nafanya kazi katika kabine ya avoka, yaani ofisi ya wakili, hapahapa Lubumbashi. Lakini karatasi hii isisainiwe.

Kijana, nianze na polisi yule. Alichosema si sheria. Sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inampa mtu wa miguu wajibu wake: atumie njia ya miguu kama ipo, avuke kwenye mistari kama iko karibu, asijitupe mbele ya gari. Ila mama mdogo hakuwa anavuka! Alikuwa anatembea ukingoni, mahali pasipo njia ya miguu inayopitika. Mistari ya kuvukia inaingiaje hapo? Dereva ndiye aliyetoka kwenye foleni akaingia sehemu ambako macho yake yanaona watu. Na hata mtu wa miguu akikosea kweli, haki yake haifutiki hivihivi. Jaji anapima kosa la kila upande, anaweza kugawa wajibu. Atakayesema «alikuwa nje ya mistari, basi imekwisha» anafupisha mambo kwa faida ya mtu fulani.

Nani alipe? Kode sivili (sheria ya madai), kitabu cha tatu, kifungu cha 258 na cha 259: aliyeleta hasara kwa kosa lake, hata kwa uzembe tu, lazima airekebishe. Kifungu cha 260 kinakwenda mbele zaidi: bosi anawajibika kwa kosa ambalo mfanyakazi wake amelifanya akiwa kazini kwake. Kwa hiyo shofa kukosa kiatu si mwisho wa habari. Mwenye minibasi anaitwa mahakamani pamoja naye. Na nyuma ya mwenye gari kuna asiransi, ambayo ni lazima kwa kila gari linalotembea barabarani. Ilikuwa lazima tangu mwaka 1973, na Kode ya asiransi, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, imeishikilia. Asiransi hiyo imewekwa kwa ajili ya watu kama mama mdogo, watu wa nje ya gari.

Kuhusu saini: mapatano ya namna hiyo yakisainiwa yanafunga mlango wa madai kama hukumu. Parke inaweza kuendelea na shofa, lakini nyinyi mtaambiwa mlishalipwa. Mguu wenyewe daktari hajamaliza kuupasua, gharama hamzijui, hamjui kama atasimama tena sokoni. Mtapatana vipi juu ya kitu ambacho bado hakijulikani?

MtuWaTunduma

Poleni ndugu zangu wa Kongo. Huku Tanzania tunaanza na polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), halafu bima. Ila ninachojua kwa kupita kwenu na lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa: kama gari lililogonga ni la nje, dai kadi ya njano ya COMESA. Ndiyo bima inayovuka mpaka, na watu wengi barabara ile ya Kasumbalesa hawajui hata kuiuliza.

Yaya_Justine

Asante kaka, wa barabara ile wataisoma. PF3 ni fomu ya kwenu, hapa haipo. Kwetu OPJ, yaani afisa mpelelezi, anaandika rekizisyo (barua ya kuomba uchunguzi) kwa daktari, na daktari anajibu kwa cheti.

MuuguziKamalondo

Hapo kwenye cheti ndipo familia nyingi zinapoanguka, naomba mnisikilize. Cheti kinachosema tu «mgonjwa amevunjika mguu» hakiwasaidii. Mwombeni daktari aandike mfupa gani, umevunjika namna gani, upasuaji uliofanyika na unaosubiriwa, na muda ambao mgonjwa hataweza kufanya kazi. Baadaye mguu ukipona, aandike kama kumebaki ulemavu. Jaji hakuona damu, ataona karatasi tu.

Na risiti, jamani. Kila sindano, kila bandeji iliyonunuliwa famasi ya nje, hata pesa ya manseba anayewaleta na chakula, ombeni karatasi yenye tarehe na jina la mgonjwa. Risiti za mashine zinafutika kwa jua na jasho, zipigeni picha siku ileile. Andikeni pia alichokuwa anapata sokoni kwa wiki, na mtafute mama mwenzake wa meza ya jirani awe tayari kukisema mbele ya jaji.

KijanaWaRuashi

Asanteni sana, naandika kila kitu. Kuna jambo jipya. Leo nimeenda PCR, nikaomba jina la asiransi. Polisi mwingine, mtu mzuri, akanionyesha karatasi: muda wake ulikwisha kabla ya ajali. Nimpigie mwenye gari? Na mama mdogo amechoka, anasema tuchukue tu zile pesa.

MzeeWaKatuba

Basi ndiyo maana yule bwana alikuwa na haraka na wino wake. Anajua atalipa kwa mfuko wake. Nilisema chukueni, sasa nasema tofauti: huyo mtu anaogopa, msimpe anachokitafuta.

Yaya_Justine

Papa amesema sawasawa. Gari bila asiransi ni kosa lingine la mwenye gari, na deni linabaki palepale juu yake. Usimpigie peke yako. Omba namba ya PV (maandishi rasmi ya polisi kuhusu ajali) na jina la OPJ mwenye faili, uhakikishe tarehe ya ile karatasi ya asiransi imeandikwa ndani ya PV, na majina ya mashahidi wa manseba pia. Gari likiachiwa kabla ya hapo mtalitafuta hadi mji wa Likasi.

Mwambie mama mdogo hivi: kupokea pesa si kosa, kosa ni maneno ya ile karatasi. Mwenye gari akitaka kweli kusaidia, alipe kaunta ya hospitali, risiti itoke, na karatasi iseme ni malipo ya mwanzo ya matibabu na kwamba haki nyingine zote za mgonjwa zinabaki. Iandikwe pia kwa Kiswahili, asomewe akiwa macho, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Akikataa maneno hayo, mmeshajua nia yake.

Sasa muda, na hapa naomba usilale. Kujeruhi bila kukusudia kunaadhibiwa na Kode penali (sheria ya adhabu), kifungu cha 54, siku 8 hadi mwaka 1 wa kifungo. Kwa kosa la kiwango hicho, mashtaka yanakufa baada ya mwaka mmoja kama hakuna hatua yoyote ya upelelezi au ya kushtaki iliyofanyika. Familia zinangoja mgonjwa apone, zinakuja kwetu mwezi wa kumi na nne baada ya ajali. Madai ya sivili yanabaki, lakini mnakuwa mmepoteza njia iliyo nyepesi, ile ya kuingia kama parti sivili (mdai wa fidia) katika kesi ya jinai, ambamo parke ndiyo inayobeba kazi ya kuthibitisha kosa. Kesi yenyewe ni ya Tripaix, mahakama ya amani. Parke ikikaa kimya, avoka anaweza kuwaita shofa na mwenye gari mbele ya Tripaix moja kwa moja.

KijanaWaRuashi

Yaya, na kama hatuna pesa ya avoka?

Yaya_Justine

Nenda kwenye ofisi ya bara, yaani chama cha avoka, uulizie konsiltasyo (ushauri) ya bure kwa wasio na uwezo. Ili jaji akupunguzie gharama za mahakama, chukua kwanza cheti cha umaskini kwenye komini yenu (ofisi ya serikali ya eneo lenu). Beba nakala za PV, cheti cha daktari na ile karatasi ya dola 200. Usiitupe, ni ushahidi wa jinsi walivyomjia mgonjwa kitandani.

MuuguziKamalondo

Na hospitali wakikataa kumwachia kwa sababu ya deni, kijana, omba kuonana na mhudumu wa kijamii, usiishie kaunta. Andikeni ahadi ya kulipa kidogokidogo, mbaki na nakala. Mgonjwa wa mfupa ulio wazi akikaa wodini bila dawa kwa sababu ya deni, mguu unaoza.

KijanaWaRuashi

Mama mdogo amekubali. Kesho asubuhi naenda kwa OPJ na mmoja wa wale manseba, amesema atatoa ushahidi. Nitarudi hapa kuwaambia.