Kaka kalazwa kwa nguvu, bili kaletewa mama

Jamani naomba msaada, kaka yangu alichanganyikiwa akashikwa na polisi hapa Nairobi wakampeleka hospitali ya praiveti iliyokuwa karibu, akalazwa bila ridhaa yake, sasa bili kaletewa mama na hajasaini kitu. Nani analipa?

— Pole sana ndugu. Mama asisaini chochote saa hii, akisaini kama mdhamini hilo deni analibeba yeye. Ulizeni kama kaka analipia SHA, ile bima ya afya ya serikali, na kama hospitali ina mkataba nao.

— Kama ana bima ya kazini wasimwambie eti ugonjwa wa akili haulipiwi, Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 inampa haki ya bima. Pia ongeeni na daktari ahamishiwe Mathari, hospitali ya akili ya serikali. Sisi tulichelewa kumhamisha dada yangu, tukauza ng'ombe wawili.