Zilipendwa zisafishwe, au mikwaruzo ndiyo ladha yenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila ukilalamika kwamba nyimbo za zamani zilizojaa mtandaoni zinasikika vibaya, utajibiwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza atasema hiyo ndiyo ladha yake, ukitoa mikwaruzo umeua wimbo. Wa pili atasema muziki mzuri ni mzuri tu, hata ukipigwa kwenye redio ya betri mbili. Mimi nasema wote wanachanganya vitu viwili: ubovu ambao wimbo ulizaliwa nao, na ubovu tuliouongeza sisi wenyewe baadaye.

Ule wa kuzaliwa naukubali mikono miwili. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 kila upande, basi. Kilichobaki nje ya zile dakika 3 hakirudi, na hakuna wa kulaumiwa. Vivyo hivyo Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) pale Barabara ya Pugu. Bendi inaingia studio, inapiga pamoja mwanzo hadi mwisho, maikrofoni za kuhesabu, mkanda unazunguka. Mmoja akikosea mnaanza upya. Mwimbaji anasikika mbele kabisa, maneno yote unayapata, drams kama zinapigwa chumba cha pili. Sijawahi kuchukia hilo hata siku moja.

Ugomvi wangu uko kwenye safari ya baada ya hapo. Wimbo umetoka kwenye mkanda wa RTD, ukarushwa kwa masafa ya kati. Mtu akaunasa kwa redio kaseti. Kaseti ikarudufiwa kwa jirani, na ya jirani ikarudufiwa tena. Miaka ya 2000 mwenye kibanda akaigeuza MP3 na kuibana mpaka nyimbo 150 zienee kwenye CD moja. Mwingine akaichukua hiyo, akaiongezea mwangwi, akajirekodi akitaja jina lake katikati ya ubeti, akaipandisha YouTube. Huo ndio wimbo unaoambiwa leo "ladha ya zamani". Ladha gani? Masafa ya kati peke yake yanaishia kama Hz 5,000 (Hz ni mitetemo kwa sekunde, ikiwa mingi sauti iko juu) wakati sikio la kijana linafika karibu Hz 20,000. Manyanga na matoazi yanaishi zaidi huko juu, kwa hiyo sehemu yao kubwa ilishakwenda kabla hata kaseti haijaguswa. MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data kwa sekunde) ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya data ya CD, na ukiibana iliyokwisha kubanwa, ndipo sauti inaanza kutoa maji.

Fanyeni jaribio dogo. Tafuteni wimbo wowote wa bendi ya Mlimani Park kwenye CD halali iliyotoka nje, halafu usikilizeni kwenye nakala ya mtandaoni iliyopitia kaseti. Kwenye CD gitaa la solo na la rizimu yanajibizana, unaweza kumfuata mmoja ukamwacha mwenzake. Kwenye ile nyingine kuna kitu kimoja kinalia "chwi chwi chwi" chini ya sauti za waimbaji. Hapo bado hujatafuta besi.

Kwa hiyo msimamo wangu: starehe inapungua, tena sana, na tunaiita utamaduni. Naomba kuwasilisha.

Mpenda Msondo

Mkuu napinga. Muziki wa dansi ulitungwa kwa ajili ya ukumbi. DDC Kariakoo spika zilikuwa zinakoroma, maikrofoni zinapiga miluzi, na sijasikia mtu aliyerudishiwa kiingilio. Watu walicheza mpaka majogoo.

Halafu tuna mfano hai. Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila walikwenda Uingereza kurekodi studio za Real World, ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man mwaka 1989. Mitambo ya hali ya juu, kila chombo kimekaa pake. Ni nzuri, sikatai. Lakini nikimtaka Remmy mwenyewe, Dokta, narudi kwenye zile za RTD. Kule Uingereza amevalishwa suti.

Mleta mada

Mkuu umenipigia pasi. Kwanza, ukumbini hata spika ikikoroma, besi inakugonga kifuani na jukwaa unaliona. Spika ya simu haina kifua wala jukwaa. Pili, hilo la Remmy ni ladha ya urekodi, na hapo tuko pamoja: hata mimi naipenda RTD kuliko Real World. Ila wewe unaipenda RTD kwa sababu unaijua RTD yenyewe. Ukisikia nakala mbovu ya wimbo ulioukariri, kichwa chako kinajazia besi, kinajazia manyanga, kinakumbuka hata alipokohoa mtu. Unasikiliza kumbukumbu, lile faili linakukumbusha tu. Mwanao hana hiyo kumbukumbu. Yeye anapata faili peke yake, anasikiliza sekunde 20, anabadilisha. Kisha tunakaa kulaumu vijana hawapendi muziki wa maana.

Kijana wa Sabufa

Wazee mnajitesa bure. Ngoma kama ni kali ni kali. Mimi natumiwa WhatsApp, nasikiliza, maisha yanaenda.

Mcharaza Gitaa

@Kijana wa Sabufa wewe sikiliza tu, sisi tunaopiga ndio tunaona cha moto.

Nimekuwa nikikopi magitaa ya Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa dansi, kwa ajili ya bendi yetu ya harusi. Unachukua gitaa, unalisawazisha vizuri, unaweka wimbo, unagundua wimbo hauko kwenye E wala F, uko katikati. Unatafuta nakala nyingine ya wimbo uleule, hiyo imepanda zaidi na inaisha mapema zaidi. Mbaraka anaimba kama mtoto wa shule. Sababu ni kasi. Mkanda au kaseti ikikimbia zaidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima unapanda nusu toni, na mwendo unaongezeka palepale. Redio kaseti yenye mota iliyochoka au mkanda wa mpira uliolegea inafanya kinyume, inashusha. Aliyehamishia kwenye kompyuta hakuangalia.

Sasa mikwaruzo naweza kuivumilia mpaka kesho. Lakini wimbo uliobadilishwa sauti ya mwimbaji na mwendo wa mguu wa mchezaji, huo ni wimbo mwingine. Mbaraka alifariki mwaka 1979, hawezi kuja kutuambia "mimi siimbi hivyo". Kuna vijana wanaamini sauti yake ilikuwa nyembamba vile.

Fundi wa Mitaa

Jamani mie nimetengeneza redio maisha yangu yote, niseme kidogo. Wengi wanaotaka "kusafisha" ndio waharibifu wakubwa, na hapa mleta mada amepita haraka mno.

Kaseti zinazoletwa kwangu, nusu ya tatizo haiko kwenye kaseti. Iko kwenye hedi, kile kichuma ndani ya redio kaseti kinachosoma utepe. Hedi ikiwa na uchafu wa kahawia ule, au ikipinda kidogo tu isikae sawa na utepe, sauti za juu zinakufa zote. Mteja anasema kaseti imechoka. Unachukua pamba na spiriti, unafuta, unageuza ile skrubu ndogo pembeni ya hedi taratibu huku unasikiliza, ghafla "sss" za mwimbaji zinafunguka na manyanga yanatokea. Wimbo ulikuwemo siku zote. Yule wa kibanda hakugeuza skrubu. Alinasa vilevile, kisha akaenda kwenye kompyuta akabofya programu ya kuondoa kelele.

Na ile programu haijui muziki. Inajua "shhh". Manyanga nayo yanasema "shhh". Matoazi, hewa ya saksafoni, pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti, vyote vinafanana na kelele kwake. Ukiivuta kidogo inasaidia. Ukiivuta sana unapata sauti ya mtu anayeimba ndani ya pipa la maji. Nakala nyingi zilizoandikwa "imesafishwa" ziko hivyo. Kati ya hiyo na yenye mikwaruzo, mpe mteja yenye mikwaruzo.

Kinachotakiwa: nasa kwanza kutoka mkanda wa asili, kwa kasi yake, hedi safi, bila kuondoa kitu, kwa kiwango cha juu (biti 24, kHz 96 inatosha). Hiyo iwekwe kando isiguswe. Anayetaka kusafisha asafishe nakala yake. Kesho programu zikiwa bora zaidi, mnarudi kwenye ile mliyoweka kando. Mvumo wa umeme wa Hz 50 unaweza kuutoa bila kuumiza mtu. Mengine polepole.

Mleta mada

Fundi, hii ningeiweka juu kabisa ya mada kama ningeweza. Nakubali: nakala yenye mikwaruzo ni bora kuliko iliyooshwa mpaka nyama ikatoka. Ila usiwape nguvu wale wa "ladha". Wewe mwenyewe umesema manyanga yalikuwemo siku zote.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo, Unguja

Assalaam alaykum. Nyie mnasema magitaa na masafa, mie nasema maneno. Taarab mtu anasikiliza kwa maneno. Ukumbini mwenye lake moyoni huinuka akenda kutunza pale panapomgusa, kwa sababu kausikia mstari. Sasa nakala hizi za kwenye simu mstari hausikiki. Udi na fidla unazisikia zinalia kwa mbali, mwimbaji anatamka kitu, hujui kasema "pendo" au "pengo". Fumbo zima limekwenda. Nikimuuliza kijana wangu kasikia nini ananijibu "inasound poa".

Ila na mie nna langu kwa upande wa pili. Hizi taarab za kisasa zimerekodiwa safi kabisa, kinanda kinang'aa, ngoma ya kompyuta inapiga palepale kila mara, hakuna hata chembe ya vumbi. Mbona hazinikai? Marehemu Bi Kidude, mwimbaji wetu wa Unguja, kwenye rekodi zake maikrofoni yapita pembeni na sauti yake mwenyewe ina mchanga, na nikimsikia naacha ninachofanya. Hapo mtanieleza hiyo kbps.

Mpenda Msondo

Bi Mkubwa amemaliza. Funga uzi.

Mleta mada

Haufungwi. Bi Mkubwa kasema mawili na yote mawili yananisaidia! Mchanga wa sauti ya Bi Kidude ni wa koo lake. Ukimpitisha kwenye nakala mbovu, mchanga ule ndio unaotangulia kupotea, unabaki na kelele ya kaseti ambayo si yake. Hoja yangu haikuwa kwamba usafi unaleta utamu. Wimbo mbaya ukiurekodi vizuri utausikia ubaya wake vizuri.

Wa River Road

Kutoka Nairobi. Watanzania mmesahau kitu: nyimbo zenu nyingi za miaka ile ziligeuzwa santuri huku kwetu. Bongo hamkuwa na kiwanda cha kubonyeza santuri, kwa hivyo ukitafuta nakala nzuri ya Mbaraka, usianzie kwa kaseti, anzia kwa santuri za Nairobi. Nimenunua kadhaa pale mjini, zingine zimekwaruzika kama zilichezewa na kuku lakini ukiosha kwa maji na sabuni kidogo, ukikausha vizuri, gitaa linakuja juu mpaka unashangaa.

Jambo lingine hamjalitaja. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilikuwa na upande A na upande B, na wimbo wa dansi ni mrefu, kwa hivyo ulikatwa: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Maneno upande A. Chemko, pale magitaa yanapoachiwa na watu wanainuka, upande B. Wengi wanaopandisha mtandaoni wanapandisha upande A pekee. Hii nayo ni sauti mbaya ama ni nini? Kwangu ni mbaya kushinda mikwaruzo yote. Umepewa hadithi ukanyimwa densi.

Mcharaza Gitaa

Aisee. Kuna nyimbo tunazipiga harusini tukimalizia pale "zinapoishia".

Kijana wa Sabufa

Sawa wazee, nimejaribu ile ya CD dhidi ya YouTube, nimeazima CD kwa mjomba. Kwenye sabufa tofauti ipo, besi inatembea kabisa, sikujua zile nyimbo zina besi. Kwenye simu sioni tofauti kubwa. Kwa hiyo tatizo ni faili au ni simu?

Fundi wa Mitaa

Vyote. Lakini simu utanunua nyingine. Mkanda ukioza hakuna duka.

Mwanasheria wa Buguruni

Mnazunguka. Kazi anayoielezea Fundi inataka pesa: mashine ya mikanda inayofanya kazi, mtu mwenye sikio, na muda wa kukaa na kila mkanda mwanzo hadi mwisho. Nani atalipa wakati haijulikani wimbo ni wa nani? RTD ilirekodi, bendi nyingi zilikuwa za mashirika na vyombo vya umma, watunzi wamekufa, warithi wametawanyika. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, lakini mkataba wa studio wa mwaka 1975 mtautoa wapi? Yule wa kaseti na mwangwi anapandisha wimbo bure na anakula matangazo. Anayetaka kufanya vizuri ndiye atakayedakwa na warithi mlangoni. Ndiyo maana zile CD nzuri mnazozisifu, kama mfululizo wa Zanzibara, zimetolewa na kampuni ya Ufaransa.

Mleta mada

Mkuu hilo ni kweli na sina jibu lake. Lakini kunasa mkanda na kuuweka kando hakuhitaji kujua mwenye wimbo, kunahitaji mwenye mkanda. Mikanda mingi iko TBC, shirika lililorithi RTD. Waanze na kunasa, ugomvi wa nani anakula nini waufuate wakati wimbo bado unasikika.

Mwanasheria wa Buguruni

Kunasa nako ni kunakili, mkuu. Soma sheria.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo, Unguja

Basi na mie kaseti zangu za kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa zimo kabatini, ndugu Fundi. Hiyo skrubu unaigeuza upande gani?