Re: Land Rover ya Moshi na kodi ya Marekani

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Naomba mwenye uzoefu aniokoe kabla ya Aprili 15. Nina Land Rover One Ten ya 1988 nyumbani Kiboriloni, anaisimamia kaka. Si biashara, ni ugonjwa ulionishika tangu utotoni, na zile Land Rover zilizojipanga Arusha Oktoba 2024 zikauamsha upya. Mwaka 2025 nimetuma zaidi ya dola 6,000: injini, bodi, matairi. Mara nne imebeba maharusi, ikaingiza shilingi milioni moja na laki mbili. Jamaa anayenijazia fomu anasema niiite biashara, ile hasara ipunguze kodi ya mshahara wangu. Ni kweli, au naingizwa mkenge?

Baba Neema, Minneapolis

—

Marahaba Baba Neema.

Unaingizwa mkenge. Na gari lako nimeliona juzi Jumamosi, maana niko huku Moshi: riboni nyeupe kwenye boneti, bwana harusi anapunga mkono, na chini matone ya oili kutoka getini mpaka mlango wa kanisa. Zuri kweli. Lakini kwenye Skeduli C, ile fomu ya mapato na hasara za biashara, halina mahali.

Kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, unachokifanya bila nia ya kupata faida ni hobi, na hobi haina usawa: kilichoingia unakitangaza (Skeduli 1, mstari wa 8j), ulichotumia hakihesabiwi. Zamani uliweza kukata gharama hadi kiasi cha mapato ya hobi yenyewe, kwa masharti. Sheria ya Desemba 2017 ikasimamisha hilo kuanzia 2018, tukawa tunasubiri 2026 turudishiwe, kumbe sheria ya Julai 2025 ikafunga mlango kabisa. Kwa hiyo ile milioni na laki mbili, ambayo haifiki hata dola 500, unaitangaza yote. Injini, bodi na matairi umejinunulia furaha.

Najua kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa na Peugeot 504 yake huku. Tuliandikiwa hasara miaka miwili na mtu kama huyo wako. Barua ikaja, wanataka vitabu vya hesabu. Vitabu! Sisi tulikuwa na boksi la viatu. Risiti ya kwanza niliyochomoa ilikuwa kipande cha pakiti ya sigara, fundi wa Majengo ameandika kwa kalamu ya risasi "spea mbalimbali 480,000/=", na sahihi ni dole gumba la grisi. Tukalipa kodi, riba, na faini ya asilimia 20 juu yake. Kumtafuta aliyetujazia, ofisi imeshakuwa saluni.

Hata hivyo risiti usitupe. Siku ukiiuza kwa faida, bei uliyonunulia pamoja na yale yaliyoongeza thamani, kama kuunda injini upya, yanatolewa kwenye bei ya kuuzia kabla kodi haijapigwa. Oili na plagi hazimo. Ukiuza kwa hasara, hasara ni yako peke yako. Na mtu asikudanganye uitoe kwa usharika wa kijijini halafu ukate kama sadaka. Inayokatwa ni ya taasisi za Marekani zinazotambuliwa na IRS. Ya kijijini toa kwa ajili ya Mungu tu.

Mama Eli

—

Shikamoo Mama Eli. Naomba nipinge kidogo.

Mimi nina tatu pale Sakina, Arusha, na Skeduli C naijaza kila mwaka. Ila zangu zina leseni ya biashara, TIN, akaunti yake benki, daftari la kila safari, na dereva haendi nazo sokoni. IRS ina mambo 9 inayoyatazama. Kufurahia kazi yako si kosa. Wanachouliza ni kama unaiendesha kama mtu anayetafuta hela. Ukipata faida miaka mitatu kati ya mitano, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwao.

Msije mkadhani ni mteremko, lakini. Gari linalofanya kazi nje ya Marekani huwezi kulikata lote mwaka wa kwanza, unaligawa kidogo kidogo kwa miaka. Faida ikifika dola 400 kuna asilimia 15.3 ya kodi ya kujiajiri. TRA nao wana chao, na kati ya nchi hizi mbili mkataba wa kodi hakuna, hivyo unajaza fomu 1116 ili ulicholipa Arusha kihesabike huku. Mimi fundi asiyenipa risiti ya EFD sirudi kwake, hata awe bingwa wa gia boksi.

Baba Neema, jiulize tu: mwaka jana ulitazama hesabu za hiyo gari mara ngapi, na picha zake mara ngapi?

Mangi, Houston

—

Mangi, picha kila siku. Hesabu anazijua kaka, na kaka hazijui.

Basi naiandika hobi. Ila nimempigia, kumbe harusi zilikuwa tano. Hiyo ya tano ilikuwa Desemba, watu wamerudi nyumbani kwa sikukuu, wamekuja "kuhesabiwa", hawakutoa hela: walimpa mguu wa ndafu na debe la mbege. Nayo ni mapato?

Baba Neema

—

Ni mapato. Ukilipwa kwa kitu, unatangaza thamani yake sokoni siku ulipokipokea. Muulize kaka mbuzi aliuzwaje Desemba, gawa kwa nne, ongeza bei ya mbege.

Na mwambie azibe hiyo oili.

Mama Eli